Vifundo Elfu Nane vya Jenabai

Nisiwafiche: mpaka nafikisha miaka thelathini nilijua mambo matatu tu kuhusu Wahindi. Wanauza, hawapunguzi bei, na hawakukaribishi kiti. Nimezaliwa Bukoba, nimekulia karibu na duka la Mhindi, na elimu yangu yote juu yao niliipatia mlangoni pa duka hilo, kwa sababu ndani hatukupita mpaka watoto wao wawe wamehudumiwa. Sasa nataka kusimulia habari za Mhindi mmoja, mwanamke aliyekuwa akifanya kazi hatua tatu kutoka niliposimama, na jinsi nilivyomharibia kazi ya miezi mitano kwa dakika nne. Sijivunii. Lakini mimi Dafrosa nikikosea nasema nimekosea, ila nasema kwa sauti yangu mwenyewe, kwa hiyo msinikatize.

Jina lake Jenabai. Tulikutana Oktoba mwaka 1973 katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali hapa Stockholm. Mimi nilikuwa nimefika tangu 1968, nimeletwa na misheni kujifunza mashine za kufulia ili nirudi kusimamia udobi wa hospitali ya kwetu. Kurudi kukachelewa, Method akanioa, siku zikaenda, nikabaki. Pale kiwandani kazi yangu ilikuwa rola, ile mashine ndefu ya kupiga pasi: shuka linaingia huku limekunjamana, linatoka kule limenyooka na lina moto kama mkate. Hakuna aliyenishinda kwenye rola, na anayebisha aje. Fru Bergkvist, msimamizi wetu, mama mkavu asiyesifu hata jua la Juni, aliwahi kuwaambia wageni waliokuja kutazama kiwanda, "Huyu hawezi kuona kunyanzi akaliacha." Alisema kweli. Kunyanzi linaniwasha mwilini mpaka nilitoe.

Jenabai alipewa meza ya kukunjia, mbele ya rola yangu, nikitoa mimi yeye anapokea. Alikuwa mfupi, miaka arobaini na kitu, shali kichwani, miwani imefungwa uzi sikioni. Siku ya kwanza alinisalimu kwa Kiswahili cha Jinja, "Habari ya kazi, dada?" Nikajibu nzuri, nikageukia mashine yangu. Mwaka mzima salamu yetu ilikuwa hiyo na iliishia hapo hapo. Nilikuwa nimeamua. Moyoni nilisema, leo tumekutana kwenye shuka moja, hapa hakuna kaunta, mama.

Kilichonikera zaidi ni ukucha wake. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa na ukucha mrefu, umechongoka, umepinda kidogo. Fru Bergkvist aliuona siku ya pili akasema ukatwe, utachana mashuka. Kiswidi cha Jenabai kilikuwa bado kichanga, nikaitwa kutafsiri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Mwambie nitavaa glavu. Kazi nitafanya yote. Ukucha sikati." Nikatafsiri hivyo hivyo, huku nikisema kimoyomoyo, angalia maringo haya, mke wa dukani anataka watu wajue hajawahi kuosha sufuria. Fru Bergkvist alikubali glavu, na katika mwaka mzima hakuna shuka hata moja lililochanika.

Wakati wa chakula Jenabai alikaa pembeni, akala haraka, kisha akatoa mfukoni kitambaa kilichojifinya na kibunda cha uzi, akainama. Kwenye treni pia. Tulipanda mstari mmoja, ule mwekundu wa kusini magharibi. Mimi nilishuka Skärholmen, yeye aliendelea mbele kuelekea Hallunda. Njia nzima ameinama, midomo inacheza kama mtu anayesali. Mimi nilidhani anashona. Sikuuliza. Kumwuliza ingekuwa kumpa nafasi, na mimi nafasi sikuwa nayo.

Februari 1975 shuka lilijinasa kwenye rola, nikaingiza mkono kulinasua kabla mashine haijasimama vizuri. Ujuzi ukizidi huwa kiburi. Moto ulinishika kuanzia kiwiko mpaka kifundo cha mkono. Kabla sijapata pumzi ya kupiga kelele, Jenabai alikuwa ameshabonyeza kitufe chekundu, amenishika bega, amenisukuma hadi bombani, ameuweka mkono wangu chini ya maji baridi.

"Inatosha," nikamwambia baada ya muda.

"Haitoshi. Nyamaza."

Akanishika pale karibu nusu saa, maji yakimlowesha shali. Nilipopelekwa kwa daktari, yeye aliendesha rola yangu na meza yake mpaka jioni, mtu ambaye mikono yake ilikuwa haifiki vizuri kwenye ukingo wa mashine. Niliporudi kazini na bandeji sikuwa na pa kuuficha uso. Nikachukua sahani yangu nikaenda kukaa meza yake. Akasogeza mfuko wake kunipisha, kama aliyekuwa ananingojea toka zamani.

Ndipo nikajua kidogo. Alizaliwa Kachi, magharibi kabisa mwa India, katika jamaa ya Kiislamu ya watia rangi nguo. Aliolewa akiwa na miaka kumi na minane na Bwana Suleman, akaletwa Jinja. Mwaka 1972 ilipotoka amri ya Wahindi kuondoka nchini ndani ya siku tisini, walifunga nyumba wakaondoka na watoto wawili. Njiani kuelekea Entebbe magari yalisimamishwa mara tano. Askari walichukua bangili, saa, cherehani, hata birika. Ndani ya sanduku kulikuwa na kitambaa kimoja cha hariri, cheupe, kitupu, hakina ua wala mstari. Askari mmoja alikiinua, akakitazama, akakitupa juu ya nguo kuukuu.

"Aliona hakina kitu," Jenabai akaniambia. "Alikuwa mkweli. Kilikuwa bado."

Kitambaa hicho alipewa na mama mkwe kabla hajafa, kiwe cha mjukuu. Ndicho hicho alichokuwa akihangaika nacho kwenye treni. Binti yake, Khairun, alikuwa aolewe Juni, katika ukumbi wa kukodi Spånga, na kijana fundi wa redio ambaye wazazi wake walitoka Mbale. "Siku hiyo atajifunika hiki," alisema, akapiga mfuko wake kidogo. Mimi nikasema hongera. Ningeuliza swali moja tu hapo, hadithi hii isingekuwepo.

Mwisho wa Machi ilikuja simu mchana. Bwana Suleman amebanwa kidole kwenye karakana anakofanya kazi, amepelekwa hospitali. Jenabai alivua aproni akakimbia. Kitambaa akakiacha juu ya meza ya kukunjia.

Nilikiona tulipokuwa tunafunga kazi. Kimejikusanya kama mto wa mtoto mchanga, cha manjano, kigumu, kina vinundu elfu na nyuzi zimekatiza kila mahali. Nikakigeuza. Nikasema, masikini, vazi la bibi harusi ndilo hili? Nilidhani zile ni nyuzi za kushikizia, kama zile zinazokuja kwenye shati jipya, za kuondolewa. Mkono wangu bado ulikuwa na kovu bichi, na kovu lile lilinikumbusha fadhila ambayo sijailipa. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Mimi nilitaka kutenda wema nikae nitazame.

Nikashika pande mbili nikavuta. Nyuzi zikaruka, tra-tra-tra, kama mahindi ya kukaanga. Nisiongope, ilinipendeza. Nikavuta huku, nikavuta kule, nyuzi zikajaa sakafuni. Palipobaki vinundu nikavitoa kwa kidole. Kikawa kitambaa kikubwa cha manjano chenye vidoa vichache vyeupe katikati, vimepangwa mviringo, ila kimejaa makunyanzi madogo madogo kila inchi. Hapo ndipo nilipokuwa bingwa. Nikapunguza moto wa rola ufae hariri, nikanyunyiza maji, nikakipitisha mara mbili. Kilitoka kimelala kama karatasi. Nikakikunja pembe kwa pembe, nikakiweka ndani ya karatasi laini, nikaenda nyumbani nikimwimbia Method jikoni.

Baada ya siku mbili Jenabai alirudi. Kidole cha Suleman kilikuwa kimeshonwa, hakikukatwa. Nikampa furushi langu kwa mikono miwili.

"Nimekunyooshea, Mama Khairun. Angalia kazi."

Akafungua karatasi. Akakigusa kitambaa kwa kiganja, akapitisha kiganja mpaka mwisho, akarudisha. Kisha akakaa juu ya kapu la mashuka machafu, mahali ambapo yeye, na usafi wake ule, hakuwahi kukaa.

"Nyuzi ziko wapi?"

"Nimezitoa. Nimefagia."

"Ulizitoa zote?"

"Zote. Hata moja haikubaki."

Akavua miwani. Alikuwa halii, na heri angelia. Akanieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemsomea mgonjwa cheti. Kila kifundo ni doa. Unainua chembe ya kitambaa kwa ncha ya ukucha, unaizungushia uzi mara sita au saba, unakaza, unahamia kingine bila kukata uzi. Rangi haipiti chini ya uzi. Alianza na vile vyeupe vya katikati, Suleman akachovya manjano. Kisha akafunga vya manjano, elfu nane, tangu Novemba, treni kwenda na treni kurudi, na kilikuwa kinangoja kuchovywa nyekundu. Nyekundu ingeingia kote, ila chini ya nyuzi. Mimi nimezifungua kabla ya nyekundu.

"Si utavifunga tena mahali pale pale?" nikasema.

"Mahali pale pale ni wapi, Dafrosa? Vyeupe vinaonekana, lakini vya manjano nilivichora kwa maji ya biti, kile kiazi chekundu, yalishatoka. Yale makunyanzi ndiyo yangenionyesha." Akatazama rola yangu. "Makunyanzi umeyapiga pasi."

Mtu mwenye hasira kama yangu akibanwa haombi radhi kwanza, anapigana kwanza. Nikamwambia, "Sasa kwa nini hukuniambia? Umekaa na kitu cha maana hivyo, unakiacha mezani, husemi neno, mimi ni mganga nitajuaje?"

Alivaa miwani akanitazama moja kwa moja. "Mwaka na nusu tuko pamoja, miezi mitano nimefunga mbele ya macho yako. Wewe uliwahi kuniuliza?"

Akaenda mezani kwake akaanza kukunja. Shuka nililomtolea alilipokea kama kawaida, asante, kama kawaida. Siku hiyo niliunguza foronya tatu.

Nyumbani nilimweleza Method, nikitegemea aniambie sikukusudia. Mume wangu ni mtu wa maneno machache na yote yanauma. Alisema, "Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na wewe umejifunza kwa kitambaa cha mwenzio." Nililala nimempa mgongo. Lakini Jumapili baada ya misa nilichukua lile kopo la kahawa ya kutafuna alilonitumia mama kutoka Bukoba, kahawa iliyochemshwa na majani na kukaushwa, ambayo kwetu mgeni akiingia ndiyo ya kwanza kuwekewa kiganjani. Sikuwahi kumpa mtu asiye Mhaya. Nikapanda treni mpaka Hallunda.

Mlango ulifunguliwa na Bwana Suleman, kidole kimefungwa. Alinitazama, akasema kwa upole, "Karibu, fundi wa pasi." Nilistahili. Sebuleni Jenabai alikuwa amekitandaza kile kitambaa mezani, kalamu ya mti imechovywa kwenye bakuli la maji ya biti, anachora upya. Amekwisha chora robo. Nikaweka kopo mezani nikamwambia hii ni kahawa ya kwetu, ukikubali kutafuna na mimi hatuna neno baina yetu, ukikataa nitakuelewa. Na nikamwambia nimekosa. Nilitaka kuongeza mengi, nikafungua kopo badala yake.

Alichukua punje moja akaitafuna. Uso ukamkunjamana. "Chungu," akasema.

"Chungu kweli," nikasema. "Nifundishe kufunga."

"Zimebaki wiki kumi na mbili. Peke yangu siwezi. Kwetu bibi harusi hafungi kitambaa chake mwenyewe, kwa hiyo Khairun hapana. Suleman ni mwanamume, wanaume wanatia rangi, uzi ni wetu." Kule jikoni Suleman akasema yuko tayari kuvunja mila kwa sababu ya dharura. Jenabai akamjibu kwa Kikachi, neno moja tu, kisha akanigeukia. "Nionyeshe kucha zako."

Nikaonyesha. Za mtu wa rola: zimekatwa mpaka nyamani.

Tatizo hilo alilitatua Suleman. Kule Kachi, alisema, ambaye ukucha wake umevunjika huvaa ukucha wa chuma. Siku iliyofuata alikata kipande cha bati la kopo la samaki, akakikunja kama pete, akakichonga ncha kwa tupa, mkono mmoja mzima na mmoja mgonjwa. Jenabai akanivisha kidole kidogo cha kushoto. Ndivyo nilivyokuwa mwanafunzi, miaka thelathini na mmoja, kidole kimevaa kopo la samaki.

Wiki ya kwanza hakuna kifundo changu kilichoishi. Nainua kitambaa, kinateleza. Nazungusha uzi, unafumuka. Jenabai alikuwa mwalimu bila huruma. Alipitisha ukucha wake juu ya safu yangu, vikaruka vyote. "Hiki kimelala. Hiki kimelegea. Hiki sijui ni nini." Nikamwambia kanga zetu zina madoa mazuri tu na hakuna mtu aliyeumia kidole. Akasema, "Kanga mashine imechapa. Hapa mashine ni wewe, na mashine hii bado mpya." Nikacheka kwa hasira, nikafunga tena. Wiki ya pili kikabaki kimoja kati ya vitatu. Mwisho wa Aprili vilibaki vyote.

Tukawa tunafunga pamoja kwenye treni, upande huu mimi, upande ule yeye, kitambaa magotini petu wawili. Waswidi walijifanya hawaoni, ndivyo walivyolelewa, ila mama mmoja wa Skärholmen alipitiliza kituo chake kwa kutazama. Nami nilianza kupitiliza changu makusudi. Nilifika Hallunda jioni, nikafunga, nikarudi.

Na sasa niliuliza. Niliuliza mpaka akachoka. Akaniambia juu ya jangwa la chumvi la kwao, jeupe mpaka linaumiza macho, ambalo mvua zikija hugeuka ziwa, na ndege aina ya heroe wanakuja kwa maelfu kujenga viota vya tope. Juu ya punda mwitu wa rangi ya mchanga wanaokimbia kwenye chumvi ile, ambao hakuna mtu amewahi kuwatia kamba. Juu ya wachimba chumvi wa Kihindu, ambao inasemekana wakifa na miili ikachomwa, nyayo hazishiki moto vizuri, kwa chumvi iliyoingia miaka yote. Nikamwuliza kama ni kweli. Akasema, "Kazi inaingia mwilini. Tazama mkono wako." Kovu langu la rola lilikuwa limekuwa jeusi na laini.

Aliniambia hawahesabu kifundo kimoja kimoja, wanahesabu vinne vinne, ndiyo maana midomo yake ilicheza. Kumbe alikuwa hasali, anahesabu. Mama yake alikaa kizingitini kutwa, akifunga na kugombana na jirani kwa wakati mmoja, asikosee hesabu. Kitambaa chenyewe kinaitwa chandrokhani, vazi la mwezi: mviringo mkubwa katikati kama mwezi mpevu, na vidoa vinatoka humo kuelekea pande zote. Hakipigwi pasi hata siku moja. Dukani kwao mnunuzi hukipokea bado kimefungwa, akivute mwenyewe, ajue kimefanywa na mkono. "Makunyanzi ndiyo shahidi," akasema. Sikuinua macho.

Tarehe kumi na tano Juni tulifunga cha mwisho. Alifunga yeye. Elfu nane, na kwa hesabu yake elfu moja na mia tisa vilikuwa vyangu. Suleman akaingia jikoni akafunga mlango kama daktari wa upasuaji. Alikuwa na wasiwasi na maji; watia rangi wa kwao husifu maji ya mji wa Jamnagar kwa nyekundu, na haya ya Stockholm yanatoka ziwani, nani ajuaye tabia yake. Alipotoka mikono yake ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko, na alikuwa anatembea kama kijana. Baada ya wiki kitambaa kilikuwa kimekauka barazani ghorofa ya sita, kimejifinya, kigumu, chekundu cha damu ya mzee. Huwezi kujua ndani kuna nini. Kama uzi wangu umelegea, rangi imeshapita chini yake, na hapo hakuna pasi wala ukucha utakaorudisha.

Siku moja kabla ya ndoa wanawake tulijaa sebuleni Hallunda. Mama wa kijana na shangazi zake walikaa kwenye makochi, Khairun chini kwenye mkeka, hina mikononi, hawezi kushika kitu. Kwa mila ya nyumba ile, mama wa bibi harusi hushika upande mmoja wa kitambaa na dada yake mkubwa upande wa pili, wanavuta. Dada yake Jenabai alikuwa Uingereza, karatasi za safari hazikutoka. Shangazi mmoja wa upande wa kijana akainuka, akakunja mikono ya blauzi, ilikuwa wazi nani atashika. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Mazoea ya Bukoba, nadhani.

Jenabai alikibana kitambaa kifuani. "Dafrosa, njoo ushike huku."

Shangazi akabaki amesimama na mikono yake imekunjwa.

"Mama Khairun," nikasema, "mimi nilishavuta mara moja. Inatosha."

"Ndiyo maana nakuita, mwanangu. Mara ile ulivuta peke yako. Leo tunavuta wawili."

Nikapita katikati ya wanawake wale nikashika. Akahesabu kwa Kikachi, tukavuta. Tra-tra-tra. Sauti ilikuwa ile ile, miezi mitatu ilikuwa masikioni mwangu nikiosha vyombo, nikisali, na sasa niliisikia watu wakiishangilia. Nyuzi ziliruka mpaka kwenye vikombe vya chai. Mwezi ukafunguka katikati, mweupe, na vidoa vya manjano vikatoka humo vikikimbilia pande zote, vidogo kama mbegu za mchicha. Upande wa kushoto chini vilikuwa vikubwa zaidi, vingine vimepinda, kimoja kina umbo la harage. Vile vilikuwa vyangu. Lakini vilikuwa vya manjano, vyote, nyekundu haikupenya hata kimoja. Nililia pale pale, sikutafuta pa kujificha.

Yule shangazi aliinama akavitazama vile vyangu, akauliza ni nani aliyefunga huku. Jenabai akamjibu, "Mwanangu wa kazini," akakigeuza kitambaa ili upande ule uje mbele, juu ya bega la Khairun, ambapo kila mtu atauona.

Suleman alichungulia kutoka jikoni akaniuliza kama nimekuja na pasi. Wanawake wakacheka, na mimi nikacheka na machozi yangu. Khairun aliinuka, kitambaa kikamwangukia kutoka kichwani mpaka miguuni, kimejaa makunyanzi elfu nane. Mimi, nisiyeweza kuona kunyanzi nikaliacha, niliyaacha yote.